Shabani Aliyeandikwa Ametoka

Sina cha kupata kwa kukudanganya. Anayedanganya huwa anataka kitu, na mimi vya kutaka vimeshapita. Kazi ilikwenda, mapafu yalikwenda, na miaka miwili ya umri wangu niliiacha jela. Nilichobaki nacho ni hiki kisa, na nilikiona kwa macho yangu, mchana, jua likiwaka. Watu wakisikia habari za wafu hudhani lazima iwe usiku wa manane na bundi analia. Yangu yalinikuta saa nane mchana, pale Kilosa, mlangoni pa ghala la chakula. Ukitaka kunicheka nicheke, lakini soma kwanza.

Shule niliishia darasa la nne. Ila mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na ndio ulioniponza.

Mwaka ule wa njaa, watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini, mashamba mapya hayajashika, mahindi ya njano yakaanza kuletwa kwa treni. Yaliwekwa katika ghala la zamani la wenye mkonge, karibu na reli, na humo ndimo kilimotoka chakula cha vijiji vyote kuanzia hapo mjini hadi kijiji kiitwacho Ulaya, hadi Mikumi. Mimi nikapewa kazi ya kuandika Daftari la Matukio.

Acha nikueleze kazi yenyewe. Mahindi yakikaa pamoja mengi huumwa kama mtu. Yanapata joto, yanatoka jasho, yanaoza kwa ndani huku gunia la juu linakuchekea. Ghala letu lilikuwa na malundo sita. Mara tatu kwa siku, saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, niliingia na kipimajoto kirefu cha fimbo, nakichomeka katikati ya lundo, nasubiri, nasoma, naandika. Halafu nachukua bambo, kile chuma chenye mfereji cha kudungia gunia, natoa punje kiganjani, nanusa, nahesabu fukusi, wale wadudu watoboa nafaka. Nikiona bati linavuja naandika. Nikisikia panya naandika. Na watu pia: nani ameingia saa ngapi, nani ametoka saa ngapi. Kila Ijumaa nanakili joto na matukio yote kwenye fomu, fomu inapanda treni kwenda Morogoro. Wakubwa wa huko wakiisoma wanajua ghala linaumwa wapi bila kulikanyaga.

Hivyo ndivyo ilivyotakiwa iwe.

Bwana Ghala alikuwa Dismas Kalunde. Namtaja kwa jina, na nitaendelea kumtaja. Mwenzake alikuwa Yahaya Mbonde, katibu wa ugawaji, aliyeshika orodha ya kaya zinazopewa unga. Hawa wawili walikuwa kama kidole na kucha. Kalunde hakupenda matukio. Alikuwa anasema daftari lenye matukio mengi ni ghala lenye mtu mvivu. Kwa hiyo wakaguzi walipokaribia, mimi nilikaa na taa nikinakili daftari upya, bati lililovuja nikaliacha, lundo lililopata joto nikaliacha, na daftari la zamani Kalunde akalitia katika sanduku lake la bati, au akawashia jiko.

Siku moja wakaguzi wakakuta nafasi tatu za KUTOKA ziko wazi. Watu watatu wameingia, hawajatoka. Kumbe walikuwa wametoka, ni mimi nilisahau kuandika. Kalunde akapata barua ya onyo. Jioni ile akanijia, uso umemvimba.

"Kuanzia kesho," akasema, "ukimwandikia mtu ameingia, mwandikie hapohapo na kutoka. Makuli si wanamaliza saa nane?"

"Wanamaliza saa nane, Bwana Ghala."

"Sasa unangoja nini mpaka saa nane?"

Basi ndivyo tulivyofanya. Asubuhi kuli anapita mlangoni, naandika ameingia saa mbili, ametoka saa nane, kalamu haijanyanyuka. Nawe usinitazame hivyo. Ofisi ngapi unazozijua wewe zinafanya vilevile mpaka leo? Makuli wenyewe waligeuza jambo hilo mzaha. Aliyezidi alikuwa Shabani Mgaya, mtu wa Ulaya, mwembamba, mrefu, anayebeba gunia huku anaimba. Kila asubuhi alivaa gunia tupu kichwani kama kofia ya mvua, kona moja ndani ya nyingine, likamfunika hadi mgongoni. Akifika mezani pangu lazima aulize.

"Mwandishi, hebu nisomee. Nimeshafika nyumbani au bado?"

"Umeshafika. Unakula."

"Nakula nini?"

"Ugali wa njano kwa mlenda."

"Basi futa, nirudishe kazini."

Makuli wanacheka, wanaingia. Siku zikaenda hivyo.

Fukusi wakazidi. Bambo nikilichomoa, punje tano kwa kumi zina tundu. Morogoro wakaleta dawa ya moshi, vile vidonge vya kijivu unavyoviacha chini ya turubai, vikipata hewa vinatoa sumu isiyoonekana. Harufu yake kama kitunguu saumu kilichooza. Ghala linafungwa siku tano, milango inazibwa kwa karatasi na udongo, hatoki hata chawa. Kalunde ndiye aliyesomea kuiweka, na ndiye aliyekuwa na kile kinyago cha mpira cha kuvaa usoni, kimoja tu. Sheria aliijua: kabla ya kufunga, mwenye kinyago anazunguka ghala zima kwa miguu yake, anaita. Nyuma ya kila lundo anaita.

Siku hiyo makuli walifanya kazi ya kusogeza malundo mbali na ukuta. Shabani aliingia asubuhi na homa. Nilimwona macho mekundu, hakuniuliza kitu, hata mzaha hakufanya. Nikaandika ameingia saa mbili, ametoka saa nane. Saa nane makuli wakatoka kwa mkupuo, vumbi tupu, kila mmoja na gunia lake kichwani, wote wanafanana. Kalunde akaweka vidonge malundo ya mbele, ya kati, na lile la sita akalitupia kwa mbali. Akatoka akivua kinyago, jasho linamtiririka.

"Wametoka wote?"

Nikatazama daftari. Sikutazama watu. Daftari lilikuwa limejaa, hakuna nafasi wazi hata moja, limependeza kabisa.

"Wametoka wote, Bwana Ghala."

Hakuzunguka. Alisema kinyago kina joto. Tukafunga, tukaziba udongo, makuli wakatawanyika. Shabani alikuwa na kawaida ya kwenda Ulaya kwa mkewe siku za kufunga ghala, kwa hiyo hakuna aliyemuulizia. Wenzake walisema amemkimbilia Mwanaidi.

Mimi nilibaki mezani pangu nje, maana matukio huandikwa hata ghala likifungwa. Kama saa kumi na moja jioni nikasikia kitu ndani, upande wa chini wa mlango. Kikwaruzo. Halafu kama kugonga, mara tatu, mara nne. Nikamwita Kalunde. Akaja, akainamisha sikio, akanyanyuka akicheka.

"Panya hao. Wameonja dawa. Andika panya."

Nikaandika. *Saa kumi na moja jioni, kelele ndani karibu na mlango. Panya.* Kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku ya kufungua Kalunde alinipandisha treni ya Morogoro na fomu na kopo la punje za mfano. Kwa nini siku hiyo, wakati fomu huenda Ijumaa? Sikuuliza. Niliporudi baada ya siku mbili nilikuta ghala wazi, linapepewa, na mlango mkubwa kwa ndani umepakwa rangi nyekundu mbichi. Kalunde akasema mbao zilikuwa zinaliwa na mchwa. Na mjini habari zimeenea kwamba Shabani Mgaya ametoroka kijiji. Mbonde alimwandika mtoro, na kaya ya mtoro haipewi unga. Ndiyo amri aliyoitoa.

Unafikiri nilishituka? Sikushituka. Daftari lilisema ametoka, nami nililiamini kuliko kichwa changu.

Haijapita wiki mbili, Mwanaidi akaja. Ametembea kutoka Ulaya, mtoto mgongoni, mwingine amemshika mkono, nywele za yule mkubwa zimeshaanza kuwa nyekundu kwa kukosa chakula. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Za Ulaya?"

"Nzuri. Mimi mke wa Shabani. Wamenambia kwako kuna kitabu kinachosema alitoka. Mimi sijui kusoma. Nisomee."

Nikafungua, nikamsomea. Shabani Mgaya, ameingia saa mbili, ametoka saa nane. Akaweka kidole juu ya mstari ule, akakiacha hapo.

"Hapa ndipo alipotoka?"

"Ndiyo dada."

"Wewe ulimwona?"

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapojichukia. Ningesema sikumwona, ingekuwaje? Lakini niliandika, na aliyeandika anatakiwa awe ameona. Nikasema nilimwona.

"Alielekea wapi?"

"Alielekea njia ya Mikumi."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nadhani Mbonde alikuwa amesema kule barabara kuu yanapita malori, mtoro yeyote hukimbilia huko. Mwanaidi akafunga mtoto vizuri, akanishukuru. Akanishukuru mimi. Nikaja kusikia baadaye alikwenda Mikumi kwa miguu, njia ile ya simba na nyati, akakaa kando ya barabara siku nne akiuliza kila lori.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Siku moja saa nane mchana niko mezani, makuli wameshaondoka, jua limesimama juu ya bati hadi bati linalia. Nikaona mtu anakuja kando ya reli, gunia kichwani. Anatembea polepole kama mtu anayetoka homa. Akafika kivulini, nikaona ni Shabani.

Nilifurahi. Niamini, nilifurahi kweli. Niliona sasa Mwanaidi atapewa unga wake.

"Wewe bwana, ulikuwa wapi? Mkeo kakutafuta hadi Mikumi."

Gunia lilimfunika macho, nikaona kidevu tu, na kidevu kile kilikuwa na rangi ya samawati kama aliyelamba wino.

"Niandike," akasema. "Naingia."

"Ghalani hamna mtu, Shabani, kazi imekwisha leo."

"Niandike, naingia."

Nikaandika. Ameingia saa nane. Mkono ukataka kuendelea kwenye kutoka kama kawaida yake, nikajizuia, maana sikujua atatoka saa ngapi. Akapita. Aliponipita nikasikia harufu ya kitunguu saumu kilichooza, nikadhani ni dawa iliyobaki kwenye magunia.

Nikangoja. Nusu saa. Saa nzima. Nikaingia na kumwita, lundo hadi lundo. Hakuna mtu. Mlango wa nyuma una kufuli, na ufunguo anao Kalunde. Kwenye vumbi la sakafu nyayo zilikuwa zangu peke yangu.

Mimi hata hapo sikuogopa, ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nikakimbia ofisini kwa Mbonde kumpa habari njema.

"Ndugu Katibu, Shabani amerudi. Nimemwona sasa hivi."

Kalunde alikuwa humo, anakunywa chai. Ungeona kikombe kilivyoteremka. Mbonde hakuniuliza yuko wapi, wala hakusema mtoro huyo akamatwe. Alichosema ni hiki:

"Haiwezekani."

"Nimemwona kwa macho yangu, Ndugu Katibu. Nimemwandika."

"Umemwandika?" Kalunde akasimama. "Nenda ukafute. Hujamwona mtu. Umepigwa na jua."

Nikatoka na jambo moja limenikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Mtu akiambiwa mtoro amerudi husema yuko wapi, mleteni. Atasemaje haiwezekani?

Sikufuta. Lakini kwa kuogopa wakaguzi niliijaza ile nafasi. Ametoka saa tisa, nikaandika kwa wino mzito. Kesho yake asubuhi nikafungua daftari. Ameingia saa nane, lipo. Upande wa kutoka karatasi nyeupe, hata alama ya kalamu hakuna. Nikaandika tena, nikakandamiza mpaka karatasi ikataka kutoboka. Nikapeleka daftari kwangu, nikalilalia chini ya mto. Asubuhi peupe.

Na saa nane akaja tena. Na siku iliyofuata. Gunia kichwani, kidevu cha samawati, neno lilelile. Niandike, naingia. Daftari likawa na Shabani kila ukurasa, anaingia, anaingia, hatoki. Kalunde aliligundua, akachana kurasa tatu mbele yangu, akazichoma kwenye jiko la chai. Nikaanza kurasa mpya. Nilipoandika joto la asubuhi la lundo la kwanza, chini yake yakaja majina yake yote yaliyochomwa, kwa mwandiko wangu, na kalamu nilikuwa nimeshaiweka mezani.

Ukiniuliza kwa nini sikukimbia, nitakuuliza wewe ungekimbilia wapi. Kazi yenye unga mwaka ule ilikuwa uhai. Nilikuwa na watoto wanne.

Siku ya nane au ya tisa nikasema liwe liwalo. Alipopita mlangoni nikamfuata. Ndani giza la mchana, lile linalotobolewa na matundu ya bati. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya lundo la sita, pale penye rundo la magunia matupu, akalala ubavu kama mtu mwenye baridi. Nikasimama juu yake. Harufu ilikuwa nzito hata machozi yakanitoka.

"Shabani, unataka nini kwangu?"

"Nililala. Nilikuwa na homa. Nilipoamka kulikuwa kimya."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ndiyo inayonitesa. Ingekuwa ya kutisha ningeweza kuisahau.

"Nikatambaa mpaka mlangoni," akasema. "Nikagonga. Nikasikia unavuta kiti. Nikasema, mwandishi yuko pale, atafungua. Nikasikia unamwita Kalunde. Nikashukuru. Uliandika nini, mwandishi?"

Nikayageuzia macho matundu ya bati.

"Nisomee," akasema. "Uliandika nini?"

Nikasema. Nilisema lile neno moja. Yeye akavuta gunia likafunika uso wote, na kifua changu kikafunga. Hewa iliisha. Sijui kama ni yeye aliyeniletea sumu yake au ni woga wangu, madaktari walisema mapafu yameungua kama ya mtu aliyevuta dawa, na dawa ilikuwa imetoka ghalani zaidi ya mwezi. Nikatambaa. Nilipita sakafuni alipopita yeye, kiwiko kwa kiwiko, mpaka mlango ule uliopakwa rangi. Ulikuwa wazi nilipoingia, sasa umefungwa. Nikakwaruza. Rangi ikabanduka chini ya kucha zangu, na chini ya rangi nikakuta mikwaruzo mingine, ya zamani, imeingia ndani ya mbao, na ukucha mmoja umebaki humo umenasa.

Wafanyakazi wa reli waliokuwa wanapita na toroli lao ndio waliosikia, wakafungua. Wanasema mlango haukuwa na kufuli. Nililala hospitali wiki tatu.

Nilipotoka nilikwenda kwa Kalunde kabla sijafika kwangu. Nikamwekea ule ukucha mezani, niliutunza ndani ya karatasi. Mbonde akaja. Walifunga mlango wa ofisi, na hawakukana. Hawakukana hata kidogo. Kalunde alisema tu, taratibu, kama anayemfundisha mtoto:

"Nani aliandika ametoka?"

"Ulinambia wewe."

"Iko wapi karatasi niliyokwambia? Mwandiko ni wako. Panya umeandika wewe. Ukifungua mdomo, aliyeua ni wewe."

"Mmemzika wapi?"

Mbonde akanisukuma kuelekea mlangoni. "Nenda ukale unga wako," akasema.

Sikulala siku mbili. Nilikuwa na watoto wangu, na Mwanaidi alikuwa na wake, wa kwangu wanakula, wa kwake wameandikwa watoto wa mtoro. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Nikachukua fomu ya Morogoro. Pale kwenye matukio nikaandika yote: homa, makuli kutoka, Kalunde kutozunguka, kelele za saa kumi na moja, rangi ya mlango. Nikaandika na lile langu, kwamba niliandika ametoka kabla hajatoka, na nilisema nilimwona nami sikumwona. Nikaupandisha ule mzigo kwenye treni kwa mkono wangu. Halafu nikashika njia ya Ulaya, maana nilijua watakuja kunichukua, na nilitaka asikie kwangu kabla hajasikia kwa askari.

Nilimkuta Mwanaidi anachimba mizizi ya porini nyuma ya nyumba. Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, na kikohozi kinanikata kila neno la tatu. Nilitegemea atalia au atanipiga na jembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Mikumi hakwenda."

"Hakwenda, dada."

"Siku nne nimekaa pale. Watu wa malori walinitukana. Walisema mumeo amekukimbia, nenda katafute mwingine." Akaokota mzizi mmoja. "Na wapo waliokuja kunitaka, nikasema nina mume. Nisingejua, mpaka kufa ningekuwa mke wa mtoro. Wala eda sikukaa."

"Nisamehe."

"Kaburi liko wapi?"

Nikasema sijui, wamekataa kusema.

"Basi hujamaliza kunambia," akasema. Akaingia ndani, na kabla sijafika barabarani nikasikia wanawake wa jirani wanaitana. Alikuwa ameanza eda siku ileile, bila maiti, bila kaburi.

Mambo mengine yalikwenda kama Kalunde alivyosema. Walikuja, wakalinganisha mwandiko, nikafungwa miaka miwili kwa uzembe uliosababisha kifo. Kalunde alisema alinikuta mwandishi mlevi. Mimi pombe siijui. Alihamishiwa ghala kubwa zaidi, na Mbonde akapanda cheo. Lakini hukumu iliandika kwamba Shabani Mgaya alifia kazini, na kwa maandishi yale jina lake likatolewa kwenye orodha ya watoro, Mwanaidi akapewa unga. Yule mtoto wa nywele nyekundu alipona. Hilo moja sijutii.

Leo nakaa Mikumi, nakarabati matairi ya malori kando ya barabara. Pumzi haitoshi kubeba chochote kizito. Na saa nane mchana, siku nyingi, namwona. Anakaa upande wa pili wa barabara, gunia kichwani, lori likipita anabaki palepale. Haombi tena kuandikwa. Anatazama tu. Wateja wananiuliza natazama nini, nasema vumbi. Iwe chumba, ghala, hata msikiti, siwezi kutoka wa mwisho bila kurudi na kuita. Watu wananiona nimerukwa na akili.

Na wewe unayesoma, kama umeajiriwa kuandika kinachotokea, ngoja kitokee. Ukisikia sauti nyuma ya mlango, usiandike ni nini. Fungua. Kalamu haijui kitu, ni wewe unayeiambia.

Sijamaliza. Dismas Kalunde ni mtu mfupi, mweupe kidogo, ana kovu kwenye unyusi wa kushoto. Yahaya Mbonde ni mnene, anavuta mguu. Nimesikia wako hai, na wako kazini. Huenda mmoja wao ndiye mkubwa wako. Kama ndiye, usimwogope, subiri akiwa anakunywa chai yake vizuri, halafu muulize mbele ya watu walimzika wapi Shabani Mgaya. Akisema, panda gari lolote la Kilosa, shuka Ulaya, uliza nyumba ya Mwanaidi. Nywele zimeanza kuingia mvi na hajaolewa tena. Mwambie kabla hujaketi.